Libya ya Mtaa wa Libya

Kila Aprili 11 inapokaribia, magazeti ya Dar es Salaam hurudia habari ile ile: siku kama hiyo mwaka 1979 wapiganaji wetu waliingia Kampala, na Nduli Idi Amin wa Uganda akatokomea. Ni kweli, na inastahili kurudiwa. Kinachosahauliwa kila mwaka ni kwamba katika miezi ya mwisho ya vita vile Tanzania ilipigana na nchi mbili. Ya pili ilikuwa Libya, na jina lake limeandikwa kwenye kibao katikati ya jiji letu.

Mtaa wa Libya uko upande ule ambao wakoloni waliupima kuwa Uhindini, jirani na Mtaa wa Jamhuri na Barabara ya Morogoro. Ukivuka viwanja vya Mnazi Mmoja, walivyoviacha wazi ili Uhindini usigusane na Uswahilini, umeshaingia Lumumba na Kariakoo yenyewe. Wachuuzi, wageni wa hoteli za bei nafuu na madereva wa bodaboda hulitaja jina hilo mchana kutwa. Waulize Libya ni nchi ya namna gani, watakujibu kwa neno moja: Gaddafi.

Ni nchi kubwa, karibu mara mbili ya Tanzania: kilomita za mraba zipatazo milioni 1.76. Lakini zaidi ya asilimia 90 ya ardhi hiyo ni jangwa, na watu wote ni kama milioni saba. Mkoa wa Dar es Salaam peke yake ulihesabiwa watu 5,383,728 katika sensa ya 2022. Walibya wengi wanaishi kwenye ukanda mwembamba wa pwani ya Mediterania, Tripoli upande wa magharibi na Benghazi mashariki, na kusini kabisa kuna Fezzan yenye oasisi zake. Wengi ni Waarabu na Waberberi, Waislamu wa Sunni, na huko jangwani wako Watuareg na Watubu.

Waitalia waliivamia mwaka 1911, wakamnyonga Omar al-Mukhtar, kiongozi wa upinzani dhidi yao, mwaka 1931. Uhuru ulikuja Desemba 24, 1951 chini ya Mfalme Idris, nchi ikiwa fukara mno. Miongoni mwa bidhaa zake kuu za kuuza nje vilikuwa vyuma chakavu vilivyoachwa jangwani na Vita Kuu ya Pili, biashara ambayo mafundi wa Gerezani wangeielewa bila kufafanuliwa. Mafuta yalipatikana kwa wingi mwaka 1959. Septemba 1, 1969, maofisa vijana wakiongozwa na Muammar Gaddafi, aliyekuwa na umri wa miaka 27, wakampindua mfalme aliyekuwa nje ya nchi kwa matibabu.

Hapo ndipo njia ya Tripoli ilipokutana na ya kwetu. Mapema mwaka 1972 Amin alikwenda Libya, na aliporudi akawafukuza Waisraeli waliokuwa wakimsaidia. Septemba mwaka huo, wafuasi wa Milton Obote, rais aliyepinduliwa na Amin, walipoishambulia Uganda wakitokea Tanzania, Gaddafi alituma ndege tano zenye askari 399. Sudan ikazilazimisha kutua Khartoum na kuziamuru zirudi kwao. Zilipopaa tena, zikaelekea Entebbe.

Sehemu kubwa ya yaliyofuata inajulikana kutokana na vitabu viwili: Kuzama kwa Idi Amin cha Baldwin Mzirai, kilichotoka mwaka 1980, na kile cha waandishi Tony Avirgan na Martha Honey, waliofuatana na jeshi letu hadi Kampala. Amin aliuvamia mkoa ambao sasa unaitwa Kagera Oktoba 1978. Novemba 2, Mwalimu Nyerere akawaambia wazee wa Dar es Salaam katika ukumbi wa Diamond Jubilee kwamba sababu ya kumpiga tunayo, uwezo tunao na nia tunayo. Hayo kila mwanafunzi anayajua. Lukaya ni wachache wanaoijua.

Lukaya ni mji mdogo ulio kwenye barabara ya kutoka Masaka kwenda Kampala, mahali barabara inapokatiza kinamasi kirefu. Masaka ilikwisha kuanguka Februari 1979, na Gaddafi, alipomwona rafiki yake anazama, akamtumia askari, vifaru na mitambo ya kurusha roketi. Wengi wa askari hao hawakuwa wanajeshi wa kazi. Walikuwa mgambo na vijana waliokusanywa kutoka nchi nyingine za Kiafrika, na baadhi yao hawakuelezwa kwamba wanapelekwa vitani.

Jioni ya Machi 10 walianza kufyatua. Roketi nyingi zilipita juu ya vichwa vya askari wetu bila kudhuru, lakini kishindo chake kilitosha. Brigedi ya 201, iliyojaa vijana ambao hawakuwa wamewahi kuonja mapigano ya namna ile, ilivunjika na kukimbilia kwenye matete. Kwa usiku mmoja njia ya kurudi Masaka ilikuwa wazi, na Walibya hawakuitumia. Walikaa walipofika. Usiku huo huo Brigedi ya 208 ya Mwita Marwa, iliyokuwa mbali upande wa kaskazini magharibi, iligeuzwa na kuamriwa iikate barabara ya Kampala nyuma ya adui. Alfajiri ya Machi 11 ikatokea ubavuni mwao, huku 201 iliyokwisha kujikusanya ikiwasukuma kutoka mbele. Walibya wapatao 200 waliuawa, na vita havikurudi nyuma tena.

Mwishoni mwa mwezi ule Gaddafi alitoa saa 24: Tanzania iondoke Uganda, la sivyo itapambana na Libya. Mwalimu aliwaeleza wananchi kupitia Redio Tanzania, bila kupaza sauti, kwamba kuingia kwa Libya hakukubadilisha mtazamo wake juu ya Amin. Siku chache baadaye ndege ya Libya aina ya Tu-22 ilitumwa kulipua matangi ya mafuta Mwanza. Ilikosa shabaha na kupiga hifadhi ya wanyama ya kisiwa cha Saanane, ikaua wanyama kadhaa na kumjeruhi kidogo mfanyakazi mmoja. Ndege zetu zilijibu kwa kushambulia maghala ya mafuta ya Kampala, Jinja na Tororo.

Entebbe ilichukuliwa Aprili 7. Ndege ya Libya iliyokuwa ikijaribu kuokoa watu wake ilipigwa ikiwa bado uwanjani, na Walibya kwa mamia walikufa siku hiyo. Nyerere aliagiza barabara ya Jinja iachwe wazi ili waliobaki wapate pa kutokea. Walibya waliotekwa waliachiwa baadaye, na hasira ikaachwa ipoe.

Bili ilifika nyumbani. Gharama za vita zilikadiriwa kuwa dola milioni 500, na miezi 18 ya kufunga mikanda iliyotangazwa ikageuka miaka. Soko jipya la Kariakoo lililosanifiwa na Beda Amuli, likiwa halijatimiza hata miaka mitano, lilijikuta katikati ya uhaba wa sukari, sabuni na kanga. Askari waliokufa wamelala Kaboya, Muleba. Jijini, sanamu inayopigwa picha na kila mgeni bado ni ile ya Askari pale Samora, iliyosimamishwa na Waingereza mwaka 1927 kwa ajili ya vita vyao. Kwa taifa linalojivunia Kagera, hilo ni deni.

Uhusiano ulirudi. Mwaka 1999 Gaddafi aliwaita viongozi wa Afrika mjini Sirte, na tamko lao likazaa Umoja wa Afrika. Mwaka 2010 Dodoma ikapata msikiti mkubwa wenye jina lake. Agosti mwaka uliofuata ubalozi wa Libya hapa Dar es Salaam ulipandisha bendera ya waasi waliokuwa wakipigana na Gaddafi, na Bernard Membe, wakati huo Waziri wa Mambo ya Nje, akaja juu, kwa sababu Tanzania ilikuwa haijawatambua. Oktoba 20, Gaddafi akauawa.

Tangu 2014 nchi ina watawala wa pande mbili, wa Tripoli na wa mashariki, juu ya akiba kubwa kuliko zote za mafuta barani, mapipa yapatayo bilioni 48. Septemba 2023 mabwawa mawili juu ya mji wa Derna yalipasuka na kuua maelfu. Huku kwetu habari hiyo ilipita upesi. Ya mwaka mmoja baadaye ilikaa zaidi vijiweni: Simba, klabu ya Mtaa wa Msimbazi, ilitoka sare ya 0-0 ugenini na Al Ahli Tripoli katika Kombe la Shirikisho, kisha ikaichapa 3-1 kwenye Uwanja wa Benjamin Mkapa.