Vua Kofia, Mzee

Mjomba wangu alikosa kesi yake kwa sababu ya viatu.

Si mzaha. Alitoka Malaba alfajiri, matatu ya kwanza, nauli ya kuazima, na alifika kwa geti ya mahakama kabla ya saa tatu. Miguuni alikuwa na akala, zile za tairi, ambazo amevaa tangu nizaliwe. Askari wa geti alimwangalia kutoka juu hadi chini, akamwambia, "Mzee, hapa si sokoni. Enda uvae viatu." Mjomba akavua kofia kwanza, kama mtu anayeomba msamaha kwa kosa asilolijua, halafu akageuka.

Mimi ndiye niliyekuwa naye. Wakati huo nilikuwa nimeacha chuo, na kwa familia yetu mtu aliyeacha chuo ndiye mtu mwenye muda. Tulizunguka stendi mpaka makanga mmoja akatuazima viatu vyake, saizi mbili chini ya mguu wa mjomba. Tuliporudi, jina lake lilikuwa limeitwa mara tatu nje ya mlango na hakuna aliyeitika. Waranti ikatoka. Wiki mbili baadaye askari walikuja nyumbani usiku, na mzee wa miaka sitini na kitu akalala seli kwa kesi ya kugombana na jirani juu ya mpaka wa shamba.

Mahakama yenyewe sitaitaja. Nilichotaka kujua ni kitu kimoja: hiyo sheria ya viatu iliandikwa wapi? Siku ile nilisoma ubao wa geti mara mbili. Zima simu. Vua kofia. Usipige picha. Usitafune chochote. Nyamaza korti ikiendelea. Akala hazikuwa kwa ubao. Zilikuwa kwa kichwa cha askari tu. Ndipo nikaanza kuchimba: haya masharti tunayokutana nayo mlangoni mwa korti huku mpakani yalitoka wapi, na yanamlinda nani?

Tuanze kabla ya geti. Watu wa huku, Wateso, Wasamia, Wakhayo na wengine, walikuwa na kesi zao kabla ya mtu yeyote kujenga korti. Wazee walikaa, waliogombana wakasema, na kila aliyekuwa na neno akangoja zamu yake. Masharti yalikuwepo, na mengine yalikuwa makali kuliko ya leo. Ukitaka kuelewa Wateso, angalia chungu cha ajon, pombe ambayo watu hunywa pamoja kwa mirija mirefu. Mkwe wa kiume na mama mkwe hawanywi kwa chungu kimoja. Kuna namna ya kukaa, kuna mkono wa kushikia mrija. Lakini hizo ni adabu ambazo kila aliyeketi pale alizijua tangu utotoni. Hakuna mtu alifika kwa chungu akaambiwa kwa mara ya kwanza kuwa amekosea.

Halafu mambo yakabadilika haraka sana. Mwanzoni mwa karne ya 20, hapa hapakuwa Kenya. Mkoa wa Mashariki wa Uganda ulienea kutoka huku hadi karibu na Naivasha. Tarehe 1 Aprili 1902 Waingereza waliukata mkoa huo wakautia katika himaya yao ya Afrika Mashariki. Mtu alilala Uganda akaamka upande mwingine, na hakuna aliyemwuliza. Mto uliokuwa wa kunyweshea ng'ombe ukawa mpaka wa serikali mbili, na ndugu wakajikuta na mahakama mbili.

Waingereza walikuwa wachache, kwa hivyo walitafuta watu wa kuwatawalia. Upande wa Uganda walimtumia Semei Kakungulu na mawakala wake Waganda. Upande huu walimtumia Nabongo Mumia wa Wanga, ambaye mwaka 1909 walimpa cheo cha chifu mkuu. Jamaa wa ukoo wa Wanga wakatumwa kuwa machifu juu ya watu ambao si wao, Wateso wakiwemo. Fikiria hiyo kesi sasa. Unasimama mbele ya mtu usiyemchagua, ambaye pengine haongei lugha ya mama yako, na huyo huyo ndiye anayekusanya kodi ya nyumba, ndiye anayechukua vijana wa kazi ya barabara, ndiye anaamua kama ng'ombe ni wako.

Adabu ya korti ninayoijua mimi ilizaliwa hapo, kwa baraza. Bwana DC akija, watu wote husimama. Kofia hutoka kichwani. Huongei mpaka uambiwe. DC huyo alikuwa mtawala na hakimu kwa wakati mmoja. Asubuhi anasikiliza kesi, mchana anauliza habari za kodi. Kwa hivyo kumsimamia kulikuwa kusimamia serikali nzima. Ukikaa chini, umekaidi.

Korti za Waafrika ziliendelea kubadilishwa majina. Kulikuwa na sheria ya mabaraza ya wenyeji ya mwaka 1930, halafu ile ya korti za Waafrika ya 1951. Jambo moja halikubadilika: wakili hakuruhusiwa kuingia. Mzungu au Mhindi alikuwa na korti yenye mawakili, majoho na vitabu. Mwafrika alikuwa na wazee wanaolipwa na serikali, karani mmoja, na DC anayekagua rejista. Kama hukujua masharti, hapakuwa na mtu wa kulipwa ili akuelezee.

Na mlangoni nani alisimama? Hii ndiyo sehemu iliyonishika. Mwaka 1929 serikali ilipitisha sheria ya polisi wa kikabila, watu waliokuwa mkono wa chifu na DC. Walipeleka samansi, walikamata wasiolipa kodi, walilinda baraza. Mwaka 1958 wakapewa sheria mpya na jina jipya, polisi wa utawala, wale tunaowaita AP. Kwa hivyo kwa miaka mingi, mtu aliyekuja kukutoa kitandani usiku kwa ajili ya kodi ndiye uliyemkuta asubuhi akilinda korti. Usiniambie hiyo haibaki kwa damu. Babu akiona sare anavua kofia kabla hajaulizwa, mjukuu anaona, na mjukuu ndiye mjomba wangu.

Uhuru ulikuja, na mwaka 1967 sheria ya mahakama za mahakimu ilizifunga zile korti za Waafrika. Mfumo ukawa mmoja, angalau kwa karatasi. Lakini kuunganisha korti ni rahisi kuliko kubadilisha tabia ya geti. Mahakama nyingi za wilaya zilikaa ua mmoja na ofisi ya DC, jirani na polisi. Kiboko, kile cha wakoloni, kiliendelea kuwa adhabu halali ya korti hadi mwaka 2003. Yaani kuna watu wa umri wa dada yangu mkubwa walizaliwa na kukua wakati hakimu angeweza kuamuru mtu achapwe.

Ukiwa mpakani unaongezea mambo ya mpakani. Neno bodaboda lilitoka huku, kwa vijana waliobeba watu kwa baiskeli kati ya kituo cha Kenya na cha Uganda. Biashara ni ya huku na kule, ndoa ni za huku na kule, na kesi pia. Desemba 1987 majeshi ya nchi hizi mbili yalirushiana risasi hapo Busia, mpaka ukafungwa. Miaka thelathini baadaye, Februari 2018, Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni walikuja Busia kufungua rasmi kituo cha pamoja, ambapo unagongewa pasi upande mmoja tu. Mizigo ilirahisishiwa. Lakini shahidi anayetoka ng'ambo, mfukoni ana shilingi za Uganda, mdomoni ana Luganda au Ateso, bado anafika kwa geti ya korti na kukutana na ubao wa Kiingereza na askari mwenye haraka.

Katiba ya 2010 ilijaribu kugeuza hili. Kifungu cha 48 kinaitaka serikali ihakikishe kila mtu anaifikia haki. Kifungu cha 50 kinampa mshtakiwa mkalimani bila malipo kama haelewi lugha ya kesi. Mwaka 2011 Willy Mutunga alipokuwa Jaji Mkuu aliweka kando zile wigi za manyoya na kusema hataki kuitwa bwana mkubwa wa Kiingereza. Madawati ya huduma yakaanza kuonekana kortini. Wengi walicheka, wakaona ni mambo ya mavazi tu. Mimi sasa naona alielewa kitu: mwananchi huanza kuhukumiwa na kile anachokiona, kabla ya faili kufunguliwa.

Ningekuwa nimeandika makala hii mapema 2024, ningeishia hapa. Ningesema geti ni mabaki ya ukoloni, ling'olewe, twende nyumbani.

Halafu ikaja tarehe 13 Juni 2024. Katika mahakama ya Makadara, Nairobi, Hakimu Mkuu Monica Kivuti alikuwa amemaliza kutoa uamuzi wa kufuta dhamana ya mshtakiwa mmoja. Mume wa mshtakiwa, afisa wa polisi aliyekuwa mkuu wa kituo cha Londiani, alitoa bastola akampiga risasi hapo hapo kortini. Polisi waliokuwa pale walimwua yeye, na baadhi yao wakajeruhiwa. Hakimu alifariki siku mbili baadaye. Chumba chake cha korti siku ile kilikuwa hema, kwa sababu majengo hayatoshi.

Nilisoma habari hiyo nikakumbuka akala za mjomba. Sikuweza kucheka tena juu ya ulinzi. Hakimu ni mtu, ana watoto, na anakaa umbali wa mita chache kutoka kwa mtu ambaye amemharibia maisha kwa sentensi moja. Karani pia. Shahidi pia, hasa msichana anayekuja kusema mambo ambayo kijiji kizima kinataka anyamaze. Watu hao wanahitaji geti. Mwaka uliofuata, tarehe 25 Juni 2025, siku ya maandamano, mahakama ya Kikuyu ilichomwa moto. Korti ikiungua, mafaili ya watu wadogo ndiyo huungua: urithi wa mjane, matunzo ya mtoto, dhamana ya kijana wa rumande. Tajiri ana nakala kwa wakili wake.

Kwa hivyo nauliza swali tofauti. Je, geti yetu inatafuta nini? Aliyeua Makadara hakuvaa akala. Alikuwa mtu wa cheo, wa aina ambayo kwa geti nyingi za nchi hii hupigiwa saluti. Sisi tumerithi geti iliyojengwa kumchunguza anayeonekana mnyonge na kumfungulia anayeonekana mkubwa. Hiyo ni kazi ya baraza la DC, ambapo hatari ilikuwa ni mtu mdogo kukosa heshima. Ulinzi wa kweli ungegeuza macho: silaha iachwe nje hata kama mwenyewe ana nyota begani, na mguu wa mzee usiwe habari ya mtu.

Wala si lazima tungoje Nairobi. Sheria ya Huduma za Mahakama ya 2011 iliweka baraza la kitaifa la usimamizi wa haki, na chini yake kila mahakama inapaswa kuwa na kamati ya watumiaji wa korti. Hapo hukaa hakimu, polisi, magereza, mawakili, na watu wa kawaida. Hiyo kamati inaweza kuandika masharti ya geti kwa Kiswahili, Ateso na Kisamia, ikaondoa yale yasiyoandikwa popote, na kuamua kuwa mtu akizuiwa mlangoni, jina lake lipelekwe ndani ili hakimu ajue amefika. Jambo hilo la mwisho ni karatasi na kalamu tu. Lingemwokoa mjomba usiku mmoja wa seli.

Nasema pia na wewe unayesoma hii kwa simu ukiwa kwa foleni. Adabu ya korti si upuzi. Kuzima simu kunamsaidia anayetoa ushahidi asikike. Kunyamaza kunampa mshtakiwa nafasi ya kuelewa anachoulizwa. Vua kofia ukiambiwa. Lakini ukizuiwa kwa sharti ambalo haliko kwa ubao, uliza, kwa sauti ya chini na kwa heshima, limeandikwa wapi. Kisha omba karani aelezwe kuwa uko. Babu zetu hawakuwa na ruhusa ya kuuliza hivyo. Sisi tunayo.

Kesi ya mjomba iliisha bila hukumu. Wazee waliwakalisha yeye na jirani chini, wakapatana, na korti ikakubali kuiondoa, kwa maana Katiba, kifungu cha 159, inaruhusu mapatano ya namna hiyo. Jioni walikaa kwa chungu kimoja, na kila mtu alijua mrija wake.

Siku hizi ana viatu vyeusi vya ngozi ndani ya boksi chini ya kitanda. Anaviita viatu vya serikali. Nilimwuliza kwa nini hata havivai kanisani. Akaniambia kanisani anaenda na akala zake, na mpaka leo hajarudishwa mlangoni.