Chombo Kilichoachiliwa

Siku moja ya mwaka 1996, katika mnada wa vyombo vya nyumba mjini Mombasa, nilinunua sanduku refu la karatasi ngumu ambalo hapakuwa na mtu aliyelitaka. Ndani yake mlikuwa na vipande vya kuundia mashua ndogo ya tanga ya kuendeshwa kwa redio: mataruma yaliyokatwa tayari, mbao nyepesi za balsa, matanga yaliyogeuka manjano kwa uzee, na mchoro mkubwa uliochanika mikunjoni. Mwenyewe wa kwanza alikuwa amebandika mataruma matatu tu, kisha akachoka.

Marehemu baba yangu alikuwa fundi wa majahazi kule Matondoni, kisiwani Lamu. Aliunda vyombo bila mchoro. Kipimo chake kilikuwa jicho na uzi. Mimi mwanawe nilikwenda shule, nikawa karani, na siku alipofariki nilikuwa sijui hata kutia kalafati. Basi nilipolibeba sanduku lile nilihisi kama ninabeba deni.

Mchoro ulieleza kuwa chombo ni cha aina ya Marblehead. Huo ni mji wa bandari katika jimbo la Massachusetts, Marekani, na huko ndiko Roy Clough alikoweka kanuni yake mwaka 1930: urefu wa inchi 50, yaani sentimita 127, na matanga yenye eneo la inchi za mraba 800. Karibu yote mengine aliwaachia waundaji.

Wakati huo mashindano hayakuwa ya redio. Si kwamba jambo lenyewe halikujulikana, la hasha. Nikola Tesla alikwisha kuwaonyesha watu wa New York, mwaka 1898, mashua ndogo aliyoiongoza kwa mawimbi ya redio. Lakini kwa miaka mingi mitambo ilikuwa mizito na ghali, na wapenzi wa vyombo vidogo walitegemea werevu mwingine. Mwanzoni mwa karne ya 20 George Braine wa Uingereza aliiunganisha demani ya tanga kuu na usukani. Chombo kikienda na upepo wa tezi, na upepo ukazidi, demani huuvuta usukani na kukirudisha njiani. Katika miaka ya 1930 kilienea kibawa kidogo kilichosimama tezini, kikipokea upepo na kuugeuza usukani chenyewe. Mwenye chombo alitega kila kitu sawasawa, akakisukuma, kisha akakimbia ukingoni mwa ziwa, fimbo mkononi, akikute ng'ambo. Kosa lolote alilolisahau nchi kavu, majini hakuwa na la kulifanya.

Transista zilipozifanya redio kuwa nyepesi, mbio zile zikapungua. Ila redio nayo ina mipaka. Katika chombo changu iliamuru mambo mawili tu: kugeuza usukani, na kulegeza au kuvuta demani kwa winchi ndogo. Upepo haukupokea amri yoyote.

Kuunda kulinichukua karibu mwaka mzima. Risasi ya kutia uzito mkukuni haikuwamo sandukuni, nami nikayeyusha chubwi kuukuu za nyavu, nje uani na mbali na watoto, kwa kuwa moshi wake ni sumu. Mbao mbili nilizivunja kwa pupa. Nilijifunza kuzilowesha na kuzikunja polepole, jambo ambalo baba angalinifundisha kwa asubuhi moja.

Nilikishusha chombo katika hori ya Tudor, maji yakiwa yametulia. Kilikwenda, lakini kila mara kilitaka kugeukia upepo, nami nikaushikilia usukani upande mmoja kukizuia. Nilijiona nahodha hodari. Mzee mmoja aliyekuwa akishona wavu alinitazama kwa muda, akasema, "Mwanangu, unakipigania chombo. Mlingoti umekaa tezini mno. Usogeze omo kidogo, kitakwenda chenyewe."

Nikausogeza upana wa kidole kimoja. Kweli, chombo kikanyooka. Hapo ndipo nilipofahamu kuwa usukani ulioshikiliwa upande ni kama breki majini, na kwamba redio ilikuwa ikinisaidia kulificha kosa langu, si kulisahihisha. Wale waliokimbia ukingoni na fimbo zao hawakuwa na pa kujificha. Iliwapasa kukiweka chombo sawa kabla ya kukiachilia.

Jioni ile, chombo kikiwa mbali, betri za redio zilikwisha nguvu. Nilibonyeza bure. Kiliendelea kwa utulivu, kikakata maji hadi kilipokwama kwenye mikoko ya ng'ambo, na kijana mwenye mtumbwi akaniletea kikiwa kizima.

Tangu siku hiyo nimemfikiria baba kwa namna nyingine. Nilidhani aliponiacha niende shule alikuwa amekata tamaa nami. Lakini mtu aliyeunda majahazi maisha yake yote, na kuyatazama yakiondoka na manahodha wengine, alijua kuwa kila chombo hutoka mkononi mwa fundi wake. Kazi yake ilikuwa kuniweka sawa kabla ya siku hiyo. Deni sikulilipa, kwa kuwa halilipiki; ila chombo kile kimekaa juu ya kabati langu, na mlingoti wake umeegemea omo kidogo, kama ya majahazi yake.