Kutoka Sibanga hadi Kanduyi

Mwanasiasa Masinde Muliro amezikwa Sibanga, nje ya Kitale kwa upande wa Cherangany, na uwanja wa michezo wa Kanduyi, mlangoni mwa Bungoma, umepewa jina lake. Kutoka kaburini hadi uwanjani unabadilisha matatu mara kadhaa: Kitale, Kiminini, Kamukuywa, Misikhu, Webuye, kisha unakata kuelekea magharibi. Nimeipita njia hii nikiwaza jinsi watu wa huku walivyowapima waliotaka kuwatawala, kabla na baada ya ule usiku wa Februari 2013 Wakenya walipowaona kwa mara ya kwanza wagombea urais wamepangwa mstari mmoja kwenye runinga.

Muliro hakufika huko. Alikuwa mmoja wa waasisi wa vuguvugu la upinzani la Ford mwaka 1991, na tarehe 14 Agosti 1992, akirejea kutoka London, akaanguka na kufa katika uwanja wa ndege wa Nairobi, miezi minne kabla ya uchaguzi. Michael Wamalwa Kijana wa Kitale, mwanasheria aliyesomea Cambridge na aliyejua kuliteka jukwaa, aliwania urais mwaka 1997 akawa wa nne. Hakupata hata jioni moja ya kusimama karibu na Rais Moi na kumuuliza jambo mbele ya taifa. Mkutano wa hadhara ulikuwa wa mwenyewe: umati wake, vipaza sauti vyake, wapiga debe wake. Mpinzani alikuja wiki nyingine na umati wake. Kazi ya kuwalinganisha ilibaki kwa msikilizaji akitembea kurudi nyumbani.

Ukiwa kwa Wabukusu wa huku, hata hivyo, huwezi kudai kwamba watu walingoja runinga iwafundishe kumsikiliza msemaji. Mzee mwenye hadhi akifariki, siku ya tatu baada ya mazishi huitwa bingwa wa kumuse. Watu huketi na kumwachia njia katikati. Yeye hutembea huku na huko na fimbo mkononi, akisimulia walikotoka Wabukusu, koo zao, waliokosana na waliopatana, na kuwakanya walio hai. Hakuna anayemkatiza wala kupita mbele yake. Ndiyo maana nadhani mdahalo wa runinga uligonga sikio la huku kwa namna ya pekee, maana uliwapa watu kinyume chake kabisa: msemaji ambaye mtangazaji anaweza kumwambia muda wako umekwisha.

Usiku huo ulikuwa Jumatatu, 11 Februari, shuleni Brookhouse, Nairobi. Walisimama wanane: Uhuru Kenyatta, Raila Odinga, Musalia Mudavadi, Martha Karua, Peter Kenneth, James ole Kiyiapi, Paul Muite na Mohammed Abduba Dida. Wawili wa mwisho nusura waachwe nje. Muite alikwenda mahakamani, na dakika za mwisho nafasi zikapatikana. Linus Kaikai na Julie Gichuru waliongoza maswali. Nyumba nyingi za mashambani kati ya Kiminini na Misikhu hazikuwa na umeme, kwa hiyo kutazama kulimaanisha kwenda mjini, baa au hotelini, au kuikumbatia redio. Na mdahalo wenyewe ulikuwa wa Kiingereza. Kwenye meza za namna hiyo daima yupo anayewafafanulia wenzake, na anayefafanua huongeza chumvi yake. Sina hakika Mudavadi aliyesikika nyumbani alikuwa yuleyule aliyesikika Nairobi.

Magharibi ilimtazama yeye hasa, maana alikuwa mwana wake. Desemba 2012 Uhuru alikuwa ametia sahihi makubaliano ya kumwachia tiketi ya urais, kisha akageuka na kusema alisukumwa na nguvu za giza. Sasa wawili hao walisimama ukumbi mmoja. Lakini wakati mkali wa usiku ule haukuwa wao. Ulikuwa kesi ya Uhuru huko The Hague, Raila akisema serikali haiendeshwi kwa Skype, naye Uhuru akisisitiza kwamba hilo ni jambo lake binafsi atakaloweza kulibeba huku akiongoza nchi.

Kitale, naamini, ilikuwa na sababu zaidi ya kuungoja mdahalo wa pili, tarehe 25 Februari, ulipoingia katika ardhi. Mji huu uliota kati ya mashamba ya walowezi, reli ikaufikia mwaka 1926, na baada ya uhuru yakafuata mashamba ya kununuliwa kwa ushirika, miradi ya makazi, mashamba ya serikali, na maskwota wanaodai hatimiliki hadi leo. Uhuru alikuwa ametishia kutohudhuria. Alihudhuria, akaulizwa kuhusu ardhi ya familia yake, akajibu kwa kutaja ya Taveta. Rais mtarajiwa kuulizwa una ekari ngapi, mbele ya skwota wa huku Trans Nzoia! Kwa macho yangu hilo peke yake lilistahili gharama yote ya matangazo.

Kura zilipopigwa tarehe 4 Machi, Bungoma ilimpa Raila nyingi kuliko Mudavadi. Moses Wetang'ula wa Ford-Kenya alikuwa upande wa Raila, na hesabu hiyo ilifungwa kabla ya taa za Brookhouse kuwashwa. Ila Dida, mwalimu kutoka Wajir ambaye wengi hawakuwa wamemsikia, aliyewachekesha na kuwazindua watazamaji, alipata kura 52,848 nchi nzima. Karua, waziri wa zamani wa sheria, alipata 43,881. Siwezi kuieleza tofauti hiyo bila runinga.

Baadaye vinara walijifunza kukwepa mdahalo. Tarehe 24 Julai 2017 Uhuru hakufika, Raila akajibu maswali peke yake. Tarehe 26 Julai 2022 Raila hakufika, William Ruto akajibu peke yake. Asiyefika wa kwanza alitangazwa mshindi, ingawa Mahakama ya Juu ilifuta matokeo hayo. Asiyefika wa pili alishindwa. Jioni hiyo ya 2022 George Wajackoya, mwana wa Matungu huko Kakamega, aliyekuwa amewekwa fungu la wagombea wadogo pamoja na David Mwaure, alidai wote wanne wasimame pamoja. Alipokataliwa aliondoka, Mwaure akabaki na kipindi chake mwenyewe.

Bungoma na Trans Nzoia zilimpigia Ruto. Wapo wanaosema ni kwa kuwa alijitokeza usiku ule. Mimi nahesabu kwamba Wetang'ula na Mudavadi walikuwa wameshahamia kwake tangu Januari.