Barabara za Unguja na Utelezi wa Masika

Kwa madereva wa Unguja, msimu mgumu ni masika, kuanzia Machi hadi Mei. Utelezi wake haulingani kila mahali, kwa kuwa ardhi ya kisiwa hailingani. Magharibi, kwenye mashamba ya karafuu na minazi, udongo ni mzito, na mabondeni kuna kinamo kinachoshika maji na kunata magurudumuni. Mashariki, kuelekea Paje na Makunduchi, kuna uwanda na maweni: udongo mwembamba juu ya jiwe la matumbawe, unaokauka upesi. Magharibi gari hukwama au huteleza. Mashariki hupasua matairi.

Mji Mkongwe ulijengwa kabla ya gari. Nyumba zake nyingi za mawe na chokaa ni za karne ya 19, na vichochoro vyake vilikuwa vya watu, punda na mikokoteni ya mahamali. Mpaka leo magari hupita zaidi pembezoni: Mizingani, Barabara ya Kenyatta na Darajani. Mwendo huko ni wa polepole, na ajali nyingi huishia kwenye vioo na bampa.

Usafiri wa mashine kisiwani ulianza kwa reli. Sultani Barghash bin Said, aliyetawala 1870 hadi 1888, alijenga reli ndogo ya kwenda kwenye kasri lake la Chukwani. Mwaka 1905 kampuni ya Kimarekani ilikamilisha reli ya Bububu, yenye urefu wa kilomita 11 hivi. Njia yake ilipita karibu sana na nyumba za mjini, hivyo wapita njia walilazimika kujibana ukutani. Magari yalipoongezeka yaliichukulia abiria wake, na mwaka 1922 huduma ya abiria ikasita.

Tangu hapo barabara ndiyo iliyobeba watu na mazao. Gari za shamba zilifungwa bodi za mbao, na muundo huo ungali unaonekana kwenye baadhi ya daladala: abiria hukaa kwenye viti virefu vya ubavuni wakitazamana, na mizigo hupakiwa juu ya paa. Uzito ukiwa juu, gari huyumba kwenye kona, hasa lami inapokuwa na maji.

Mvua ya kwanza baada ya kiangazi ndiyo ya hatari zaidi, kwani huchanganya vumbi na mafuta yaliyomwagika, na kufanya utando unaoteleza. Lami pia huongeza mwendo. Barabara inayopita msitu wa Jozani ilipowekwa lami mwaka 1996, kima punju wengi waligongwa, na matuta yakajengwa kupunguza mwendo wa magari.

Magari yakikwaruzana tu, waliopo husaidia kuyasukuma pembeni, na madereva mara nyingi humalizana hapohapo kwa kukubaliana gharama za fundi wa gereji wa kunyoosha bodi. Wasipoelewana, polisi wa usalama barabarani hupima na kuandika tukio, na ripoti yao ndiyo inayotumika kudai bima. Mtu akijeruhiwa, suluhu ya barabarani haitoshi: polisi hutoa fomu PF3, ambayo majeruhi huipeleka hospitali.