Jamhuri Iliyozaliwa Mezani: Historia Fupi ya Saugeais Kuelekea Miaka 80

Mwaka 2027 Jamhuri ya Saugeais itatimiza miaka 80. Sisi tunaoipenda tumeona tuandike mapema machache ya kukumbukwa, maana sherehe zikishaanza kila mtu atakuwa na hadithi yake, na wale walioifikisha jamhuri hapa wanaweza kusahaulika katikati ya shangwe.

Kwa msomaji anayeisikia leo kwa mara ya kwanza: Saugeais iko mashariki mwa Ufaransa, mkoa wa Doubs, juu katika milima ya Jura, karibu kabisa na mpaka wa Uswisi. Ina vijiji 11, navyo ni Les Alliés, Arçon, Bugny, La Chaux, Gilley, Hauterive-la-Fresse, La Longeville, Maisons-du-Bois-Lièvremont, Montflovin, Ville-du-Pont na Montbenoît, ambako ndiko makao makuu. Wenyeji huitwa Saugets. Ni nchi ya misitu ya misonobari, malisho, theluji nyingi, na mto Doubs unaopita katikati ya bonde. Umoja wa Mataifa hauitambui, wala haijawahi kuomba kutambuliwa. Kodi inakwenda Paris kama kawaida na sheria ni za Ufaransa. Hata hivyo ina rais, waziri mkuu, bendera, nembo, wimbo wa taifa na maofisa wa forodha.

Wageni hudhani mambo haya yote yalizuka mwaka 1947. Sivyo. Katika karne ya 12 bonde hili lilikuwa msitu mtupu chini ya mabwana wa Joux, waliokuwa na ngome yao upande wa juu, baada ya mji wa Pontarlier. Mabwana hao waliwapa watawa ardhi, na watawa wakaleta watu wa kufyeka na kulima. Hapo ndipo ilipoinuka Abasia ya Montbenoît ya wakanoni wa Mtakatifu Augustino. Watu waliokuja walikuwa na lahaja yao tofauti na ya majirani, na kwa karne nyingi walimtambua abate wao kwanza, wakubwa wengine baadaye. Mtoto wa Saugeais alikua akijua kwamba wao ni wao, na ng'ambo ya mlima ni kwa watu wengine. Kwa hiyo mwaka 1947 Jamhuri ilipewa jina tu. Watu wake walikuwepo siku nyingi.

Katika maabate wote, anayestahili kutajwa ni Ferry Carondelet. Alikuwa mwanadiplomasia aliyemwakilisha Kaisari Maximilian mbele ya Papa huko Roma, na mchoraji Sebastiano del Piombo alimchora picha ambayo bado inahifadhiwa. Mtu aliyeona fahari yote ya Italia angeweza kukisahau kijiji cha milimani. Yeye hakukisahau. Kati ya mwaka 1525 na 1527 aliwaita mafundi wachonge viti vya kwaya vya kanisa la abasia, na viti hivyo vipo mpaka leo. Ukienda, usivipite haraka. Kwenye mbao za kutenga viti utamwona Aristotle, mwanafalsafa mkubwa, amepiga magoti na mikono chini na mwanamke amempanda mgongoni kama farasi. Pembeni wako wanawake wawili wanaopigana, kila mmoja amezikamata nywele za mwenzake. Watawa waliimba sala zao humo alfajiri hadi usiku, wamezungukwa na vituko hivyo. Anayetaka kujua watu wa bonde hili walijifunzia wapi kutania wakubwa bila kuwavunjia heshima, aanzie kwenye viti vile.

Nyakati ngumu zilikuja pia. Mwaka 1639, katika vita vilivyoiteketeza Franche-Comté, jimbo ambamo bonde hili limo, majeshi ya Saxe-Weimar yaliiteka Pontarlier, na bonde likaonja moto. Mwaka 1678 eneo lote likawa la mfalme wa Ufaransa. Mapinduzi ya Ufaransa yalipokuja, watawa waliondolewa, na kanisa likabaki kuwa la parokia. Hatutaki kukaa sana hapo.

Ila jambo moja hatuwezi kuliruka, hasa tukiwaandikia wasomaji wenye asili ya Afrika. Ngome ileile ya Joux, ya mabwana waliotoa ardhi ya abasia, ndimo Napoleon alimomfunga Toussaint Louverture, kiongozi wa watumwa waliojikomboa wa Saint-Domingue, ndiyo Haiti ya leo. Aliletwa mwaka 1802 na akafia humo kwa baridi na maradhi tarehe 7 Aprili 1803. Anayepanda kwenda Saugeais kuburudika na Jamhuri yetu yenye furaha, tunamwomba apitie Joux kwanza, asimame kidogo katika chumba kile cha mawe. Haiti ilijitangazia uhuru wake tarehe 1 Januari 1804, na mwanzo wake haukuwa na mzaha hata kidogo.

Kuna kisa kingine ambacho wazee hawachoki kukisimulia, nasi hatuchoki kukisikia. Zamani Pontarlier ilikuwa mji mkuu wa absinthe, ile pombe kali ya mitishamba. Mwezi Agosti 1901 radi ilipiga kiwanda cha Pernod. Kuogopa mlipuko, matangi yalifunguliwa na pombe ikamwagwa mtoni. Baada ya siku chache watu wa chanzo cha mto Loue, mbali upande wa pili wa milima, wakaona maji yao yananukia absinthe. Hivyo ndivyo ilivyojulikana kwamba sehemu ya maji ya Doubs hupotelea kwenye nyufa za mwamba chini ya Pontarlier, mlangoni kabisa mwa Saugeais, ikasafiri gizani na kutokea huko Loue. Miaka ya ukame mto wetu hukauka kabisa mahali pengine, ukabaki mawe matupu. Wenyeji huona uchungu, na wana haki.

Sasa tufike mwaka 1947.

Vita vilikuwa vimekwisha, lakini mkate Ufaransa ulikuwa bado wa mgao. Miaka michache tu nyuma, watu wa mpakani walidaiwa vibali na askari wa Kijerumani kila walipogeuka. Siku moja mkuu wa mkoa wa Doubs, Louis Ottaviani, ambaye Wafaransa humwita prefekti, alifika bondeni kwa kazi za serikali, na chakula chake cha mchana kiliandaliwa Hôtel de l'Abbaye, pale Montbenoît. Mwenye hoteli alikuwa bwana Georges Pourchet. Mgeni alipoingia, Pourchet, bila kutabasamu, alimwuliza kama ana kibali cha kuingia Jamhuri ya Saugeais.

Fikiria hali yenyewe. Mkuu wa mkoa ndiye serikali. Vibali vyote vya mkoa huo vinatoka kwake. Na hapa mwenye hoteli, pengine na taulo bado mkononi, anamdai kibali. Angeweza kukunja uso, na mzaha ungeishia palepale na chakula kupoa. Lakini Ottaviani alikuwa mtu wa kujua watu. Akauliza ni jamhuri gani hiyo. Pourchet akamweleza bonde, abasia, lahaja, ukaidi wa Saugets. Mkuu wa mkoa akasikiliza mpaka mwisho, kisha akajibu kwamba jamhuri haiwezi kukaa bila rais, basi yeye anamteua Pourchet kuwa rais wa Jamhuri Huru ya Saugeais.

Katiba yetu ya kwanza ilikuwa hayo tu, na haikuandikwa popote. Ilitosha. Tunampa Pourchet heshima zote kwa swali lake, lakini tunaomba Ottaviani naye asisahauliwe, maana mzaha hauwi mzaha bila wa kuupokea. Watu waliokuwa wametoka kudaiwa vibali kwa bunduki walijipatia mpaka wao wenyewe, na wa kwanza kudaiwa kibali akawa mkubwa kuliko wote. Wengi walidhani ni ngoma ya watoto, haitakesha. Imekesha.

Pourchet alikuwa rais mpaka alipofariki mwaka 1968. Utawala wake ulikuwa wa mezani: mgeni akija hotelini alielezwa yuko nchi gani, akala, akaondoka amefurahi, akaenda kuwasimulia wengine. Baada yake kiti kilibaki wazi miaka minne. Ni kipindi ambacho Jamhuri ingeweza kuzimika kimyakimya. 

Aliyeiwasha tena ni mjane wake, Mama Gabrielle Pourchet. Mwaka 1972 paroko wa Montbenoît aliandaa sherehe ya kuchangisha fedha za kulitunza kanisa la abasia, lile la viti vya Carondelet. Katikati ya sherehe watu walimchagua Mama Gabrielle kuwa rais. Hapakuwa na masanduku ya kura. Makofi ndiyo yaliyohesabiwa, na yalikuwa makubwa kiasi kwamba walimpa urais wa maisha.

Kama kuna mtu mmoja wa kushukuriwa katika historia hii yote, ni huyu mama. Mume wake alianzisha utani, yeye akaupa serikali. Aliteua waziri mkuu na katibu mkuu. Aliteua mabalozi wa kuipeleka sifa ya bonde nje. Watu waliolitendea bonde mema, au waliolipenda tu, alianza kuwapa uraia wa heshima, na leo raia hao ni mamia. Wakawekwa maofisa wawili wa forodha, wenye sare na kofia, kazi yao kusimamisha wageni na kuhakikisha wana hati ya kupita. Hati hiyo ni karatasi ndogo yenye nembo ya Saugeais, na mgeni akishaipata huitunza kuliko pasipoti yake. Basi la wazee wa mji fulani linasimamishwa barabarani, ofisa anapanda, anauliza hati kwa sauti nzito, na kabla hajashuka basi zima limekwisha kucheka. Wanateremka wanakwenda abasia, wanaona viti, wanaacha chochote kwenye kisanduku cha sadaka, wananunua jibini. Kanisa limepata la paa, mkulima amepata la maziwa.

Wapo waliosema huo ni utalii tu uliovaa kofia. Sisi hatukubali. Kazi ilianzia kwenye kanisa lililohitaji ukarabati na ikaendelea kulitumikia. Mama Gabrielle aliongoza miaka 33, bila mshahara wala ikulu, na alifariki mwaka 2005 akiwa na umri wa miaka 99. Mtu aliyekwenda Montbenoît siku zake alipokewa na rais mwenyewe.

Utamaduni wa bonde hauhitaji rais kuulinda, ingawa unafaidika naye. Wimbo wa taifa ni wa zamani kuliko Jamhuri: maneno yake yaliandikwa mwaka 1910 na kanoni Joseph Bobillier, kwa lahaja ya Saugeais. Leo lahaja hiyo huisikii sana njiani, na kwa wengi wimbo ndio mlango pekee waliobakiwa nao wa kuingilia kwa babu zao. Jikoni mambo ni mazima. Nyumba za zamani zina tuyé, chumba cha mbao kilichokaa juu ya jiko kama piramidi, chenye bomba kubwa la moshi, ambamo soseji, paja la nguruwe na nyama ya ng'ombe huning'inizwa na kufukizwa taratibu kwa moshi wa msonobari na mreteni. Harufu hiyo hukaa kwenye nguo siku mbili. Jibini ni Comté, gurudumu moja la kilo 40 hivi, na maziwa yake ni karibu lita 400. Hakuna mkulima mmoja wa zamani aliyeweza kupata maziwa hayo kwa ng'ombe wake peke yake, ndiyo maana tangu karne ya 13 wakulima wa Jura walikusanya maziwa pamoja na kugawana jibini. Msomaji aliyekulia kwenye chama cha ushirika ataelewa mara moja tabia ya watu hawa.

Kwa miaka ya karibuni tutaje kwa ufupi, nafasi inatubana. Mwaka 1987, Jamhuri ilipotimiza miaka 40, Posta ya Ufaransa ilitoa stempu ya Saugeais, na serikali ya Paris ikajikuta imebandika jamhuri yetu kwenye barua zake. Mwaka 1997, miaka 50, ilitoka noti ya Saugeais. Baada ya Mama Gabrielle kufariki, binti yake Georgette Bertin-Pourchet alishika urais na kuendeleza yote: forodha, mabalozi, sherehe, mapokezi ya wageni. Mwaka 2022 alikabidhi madaraka, na rais wa sasa ni Simon Marguet, wa kwanza asiyebeba jina la Pourchet. Shukrani ziwaendee pia makatibu, wanakwaya, walinzi wa abasia na wote waliovaa sare ya forodha kwenye mvua, ambao majina yao hayakuenea hapa.

Maandalizi ya mwaka 2027 ni ya serikali ya Jamhuri kuyatangaza, siyo yetu. Wasomaji watakaofunga safari waombwe mawili: wapitie Joux kama tulivyosema, na wakifika mpakani wawe tayari, hati itadaiwa.