Plagi

Ukiulizia plagi Musoma mjini, fundi pikipiki atakupa ile ya kutoa cheche. Muuza vifaa vya umeme atakupa ya pini tatu. Hii ya pili ni ya kiwango cha Uingereza cha mwaka 1947, na ndani yake mna fyuzi. Pini ya juu, ndefu kuliko nyingine, ni ya ethi: hutangulia kuingia na kufungua matundu mawili ya chini. Ndiyo maana chaja ya pini mbili hugoma, na mtu, awe Bunda au Butiama, huchomeka kalamu tundu la juu. Jamani, tuache! Ethi haipo kufungua matundu tu: umeme ukivuja kwenye bati la pasi, huupeleka ardhini na fyuzi ikaungua. Bila ethi, umeme huo hupita mwilini mwa anayepiga pasi.