Kungojana Bila Kufuli: Transputer ya Bristol

Wanafunzi wangu wakiona nyuzi mbili za programu zinagombea kumbukumbu moja, dawa yao ni kufuli tu. Siwalaumu, ndivyo wafundishwavyo. Kufuli hilo ni uzao wa semafori ya Mholanzi Edsger Dijkstra, ya miaka ya 1960, na linafaa pale ambapo wote wanaona kumbukumbu ileile. Prosesa zikiwa nyingi, kila moja na kumbukumbu yake, utafunga mlango upi?

Jibu ninalolipenda lilitoka Bristol, Uingereza. Kampuni ya INMOS ilianzishwa 1978 kwa fedha za serikali. Mwaka huohuo mtaalamu wa kompyuta Tony Hoare alichapisha makala akitaka michakato ipelekeane ujumbe badala ya kuchangia kumbukumbu. David May wa INMOS akaligeuza wazo hilo kuwa lugha, occam, na likaingia hadi kwenye chipu ya kampuni hiyo, transputer. Transputer T414 ilitoka 1985, ikiwa na kilobaiti 2 za kumbukumbu ndani yake na viungo vinne vya kuwasiliana na jirani.

Utamu wake umo katika kungoja. Chaneli ya ndani ya chipu ilikuwa neno moja tu la kumbukumbu. Mchakato uliotangulia kufika uliacha humo alama yake ukalala, bila kula muda wa prosesa. Wa pili ukifika, unakuta alama, data inanakiliwa, yote miwili inaendelea. Kupokezana kijiti hasa. Baina ya chipu na chipu, kila baiti ilisubiri ishara ya kupokelewa ndipo nyingine ifuate. Mchakato haukuhitaji kujua kama mwenzake yumo humohumo au chipu ya pili.

Mikwamo haikwisha, lakini. Michakato miwili ikitaka kutuma kwa pamoja, kila mmoja ukimngoja mwenzake apokee, itangojana mpaka uzime umeme.

INMOS ilinunuliwa na Thorn EMI 1984, kisha SGS-Thomson 1989. Transputer ya T9000 ikachelewa, huku prosesa za kawaida zikizidi kasi, na soko likaondoka. Wazo halikuwa na kosa. Mwaka 2009 Google ilitangaza lugha ya Go, yenye chaneli za ukoo wa Hoare, na Intel ikaonyesha chipu ya majaribio ya viini 48 vilivyopelekeana ujumbe. Kijana unayeanza leo, jifunze chaneli kwanza, kufuli litafuata.